Kupanga chanjo za paka nchini Uganda: anza na wiki ya 16, kisha rudi nyuma

Wafugaji wengi wa paka huhesabu sindano: amechomwa mbili, imebaki moja, basi tumemaliza. Hesabu hiyo huwaponza. Paka aliyechomwa mara tatu akiwa na wiki 6, 9 na 12 anaweza kufa kwa ugonjwa uleule aliochanjwa, na mwenzake aliyechomwa mara moja tu akiwa na wiki 16 akasalimika. Kinachoamua ni umri wake siku ya sindano ya mwisho. Kwa hiyo katika mwongozo huu tarehe ya wiki 16 ndiyo inayowekwa kwanza, na nyingine zote hupangwa kutokea hapo.

Sababu iko kwa mama. Mama paka mwenye kinga humpa mtoto kingamwili kupitia dang'a, yale maziwa ya siku ya kwanza. Kingamwili hizo humlinda mtoto, ila hukamata pia virusi dhaifu vilivyomo kwenye chanjo na kuviua kabla mwili wa mtoto haujavitambua. Kwa baadhi ya watoto hupungua wakiwa na wiki 8, kwa wengine huendelea mpaka wiki 16 au kuzidi kidogo, hata kati ya ndugu wa uzao mmoja. Kwa macho huwezi kujua. Ndiyo maana chanjo hurudiwa kila wiki 3 au 4: kila sindano ni jaribio jipya la kumkuta mtoto wakati kingamwili za mama zimekwisha nguvu. Jaribio la mwisho likifanyika mapema mno, huenda hakuna hata moja lililoshika.

Hatua ya 1: Pata umri wa paka

Paka wengi hapa hawanunuliwi. Hutoka kwa jirani, hufuatana na watoto kutoka shuleni, au mama yao huzalia darini na kuwateremsha wakishaanza kutembea. Tarehe ya kuzaliwa haipo, basi kadiria hivi.

Macho hufunguka kati ya siku ya 7 na ya 14. Meno madogo ya mbele huanza kuchomoza karibu na wiki ya 3, na kufikia wiki ya 8 meno yote ya utoto yamekwisha kuota. Macho ya watoto wote huwa ya buluu mwanzoni. Yakianza kugeuka rangi, mtoto yuko kwenye wiki ya 6 au 7. Meno makubwa ya mbele huchukua nafasi ya yale madogo kati ya miezi mitatu na nusu na minne, na yale manne marefu hufuata karibu na mwezi wa tano.

Uzito nao husaidia. Mtoto mwenye afya huongezeka kama nusu kilo kila mwezi, hivyo wa wiki 8 hukaribia gramu 900. Mwombe mwenye duka la sukari na maharage mzani wake: mweke mtoto kwenye beseni, pima, kisha toa uzito wa beseni. Lakini usiamini uzito peke yake. Mtoto aliyejaa minyoo anaweza kuwa na wiki 12 na kupima kama wa wiki 7, na hapo meno ndiyo husema kweli.

Ukibaki na makadirio mawili, chukua ule umri mdogo. Kosa la kumchanja mwishoni akiwa na wiki 18 halina madhara. Kumaliza akiwa na wiki 13 ukidhani ni 16 ndilo kosa lenye gharama.

Hatua ya 2: Jua anachohitaji

Paka wa Uganda anahitaji chanjo mbili bila mjadala, na ya tatu hutegemea maisha yake.

Ya kwanza ni ile ya tatu-kwa-moja. Kwenye kadi huandikwa FVRCP, au vifupisho vya virusi vyenyewe: FPV, FHV na FCV. Mzito kati ya hivyo ni FPV, virusi vya panlukopenia. Hushambulia utumbo na uboho wa mifupa. Mtoto hutapika, huharisha, hukataa chakula na kuinama juu ya bakuli la maji bila kunywa, na mara nyingi hufa ndani ya siku chache. Vifo hivyo huja ghafla kiasi kwamba watu husema paka amelishwa sumu, na jirani asiye na hatia hubebeshwa lawama. Chanjo dhidi ya FPV ni nzuri sana: ikishika, humkinga paka kwa miaka.

Virusi vingine viwili, herpesi na kalisi, husababisha mafua ya paka: chafya, macho yenye tongo, vidonda mdomoni. Hapa usitarajie makuu. Chanjo hupunguza ukali tu. Haizuii kabisa maambukizi. Paka aliyewahi kupata herpesi hubaki nayo maisha yote, nayo huamka akipata msukosuko kama kuhamishwa nyumba. Kwa hiyo paka aliyechanjwa akipiga chafya, usiende kumgombeza daktari kwamba alimdunga maji.

Ya pili ni ya kichaa cha mbwa. Jina linawapoteza watu wakadhani ni shida ya mbwa tu. Mbwa wa mtaani akimng'ata paka usiku, paka huyo hurudi nyumbani na kulala kwenye godoro la watoto. Dalili zikishaanza, kwa mnyama au kwa mtu, hakuna tiba. Paka wa ndani naye achanjwe, kwa sababu nyumba zetu zina madirisha wazi na milango ambayo kila mgeni huiacha hivyohivyo.

Ya tatu ni ya leukemia ya paka, ugonjwa wa virusi unaoharibu damu na kinga, kwenye lebo FeLV. Huambukizwa kwa mate na kwa kuishi pamoja: kulambana, kula bakuli moja, kung'atana. Watoto wa paka ndio hudhurika zaidi. Ikiwa paka wako atatoka nje au anaishi na paka wengine wasiojulikana, ulizia chanjo hii. Hutolewa mara mbili kuanzia wiki ya 8, zikipishana wiki 3 hadi 4, na kurudiwa baada ya mwaka. Apimwe damu kwanza, maana chanjo haimsaidii aliyekwisha kuambukizwa. Paka wa ghorofani asiyekutana na wenzake anaweza kuishi bila hiyo, na pesa hiyo ikaingia kwenye kumfunga uzazi.

Usikubali sindano ya mbwa, ile iitwayo DHLPP, kwa hoja kwamba "zote ni chanjo". Haimkingi paka dhidi ya magonjwa yake.

Hatua ya 3: Andika kalenda

Chukua mfano wa mtoto aliyezaliwa Jumamosi, 28 Februari 2026. Kwa mtu mwenye kazi za wiki nzima, Jumamosi hufaa kwa sababu zahanati nyingi za wanyama mijini hufungua siku hiyo.

Wiki ya 16 inaangukia 20 Juni. Hiyo ndiyo ya kuzungushia duara. Sasa rudi nyuma kwa wiki nne nne:

- 25 Aprili, wiki 8: tatu-kwa-moja ya kwanza.
- 23 Mei, wiki 12: tatu-kwa-moja ya pili, na kichaa cha mbwa.
- 20 Juni, wiki 16: tatu-kwa-moja ya tatu. Hii isitolewe mapema hata kwa siku chache.
- 29 Agosti, wiki 26: tatu-kwa-moja ya kuhakikisha.
- 23 Mei 2027: kichaa cha mbwa tena.

Dozi ya wiki 26 hushangaza watu. Zamani ilisubiriwa mpaka mwaka mmoja, na madaktari wengi bado hufanya hivyo. Chama cha kimataifa cha madaktari wa wanyama wadogo, WSAVA, kinapendekeza iletwe karibu na miezi 6, kwa sababu wachache ambao kingamwili za mama zilidumu kupita wiki 16 hubaki bila kinga, na hakuna haja ya kuwaacha hivyo miezi mingine sita. Daktari wako akisema mwaka, mwonyeshe hoja hiyo kwa upole. Akishikilia, bado si kosa kubwa.

Baada ya hapo tatu-kwa-moja hutosha kila miaka 3 kwa paka anayekaa ndani. Anayelazwa kwenye makazi ya wanyama au anayeishi na paka wengi hufaidika na nyongeza ya mwaka kwa ajili ya mafua. Kichaa cha mbwa hufuata karatasi ya dawa iliyotumika: zipo za mwaka mmoja na za miaka mitatu. Kwa Uganda, ambako ugonjwa upo mitaani, kawaida ni kila mwaka, na hiyo ni kawaida nzuri.

Chanjo ya kichaa haitolewi kabla ya wiki 12. Ikitokea kampeni imepita kijijini na mtoto akachanjwa akiwa mdogo zaidi, si hasara, ila mrudishe akishafika umri huo.

Chanjo mbili zinaweza kutolewa siku moja, kila moja na bomba lake na mahali pake. Mtoto akiwa mdogo sana kwa umbo unaweza kuzitenganisha, lakini usiache siku tatu nne tu katikati: ama siku ileile, ama zipishane angalau wiki 2.

Hatua ya 4: Tafuta daktari, na umuulize maswali kabla ya kubeba paka

Nje ya Kampala, Entebbe na miji mikubwa, daktari wa mifugo wa wilaya au wa kaunti ndogo hushinda na ng'ombe, mbuzi na kuku. Chanjo ya kichaa huwa anayo au huipata wakati wa kampeni. Tatu-kwa-moja ya paka mara nyingi haipo kwenye friji yake, na inabidi iagizwe Kampala. Kwa hiyo piga simu wiki mbili kabla. Mjini kuna zahanati binafsi, kuna kliniki ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Makerere, na kuna USPCA, shirika la kutetea wanyama. Daktari yeyote anapaswa kuwa amesajiliwa na bodi ya madaktari wa mifugo ya Uganda. Kuuliza si utovu wa adabu.

Maneno ya simu yawe mafupi: "Habari za kazi, daktari. Nina mtoto wa paka wa wiki nane, hajawahi kuchanjwa. Chanjo ya paka ya tatu-kwa-moja unayo, au tuagize? Ni ya virusi hai au vilivyouawa? Inaisha muda lini? Na bei yako ni pamoja na kumpima?"

Swali la mwisho lina maana yake. Wengine hutaja bei ya sindano peke yake, kisha ukifika unakuta kumwona daktari ni kando, kadi ni kando, na akija nyumbani kuna nauli ya boda. Uliza jumla ya ziara nzima, izidishe mara nne, ndipo ujue mwaka wa kwanza utakugharimu nini.

Kampeni za kichaa cha mbwa hufanyika sana karibu na 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na mara nyingi ni za bure au bei ya chini. Mpeleke paka huko, lakini fika asubuhi mapema kabla foleni haijajaa mbwa, akiwa ndani ya kitu kilichofungwa vizuri na kufunikwa kitambaa. Paka akiponyoka katikati ya mbwa hamsini hutamwona tena. Dai kadi, hata kama mwandishi anaona ni usumbufu kwa "kipaka tu".

Hatua ya 5: Kagua ubaridi

Hapa ndipo chanjo nyingi huharibika, na mwenye paka hawezi kujua mpaka mnyama augue. Chanjo hukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, kuanzia kiwandani hadi kwenye bomba la sindano. Joto huua virusi hai vya tatu-kwa-moja. Barafu nayo huharibu chanjo ya kichaa, ambayo ni ya virusi vilivyouawa na huvurugika ikiganda. Kwa hiyo friji inayogandisha kupita kiasi ni mbaya sawa na friji iliyozimika.

Umeme ukikatika kwa muda wa saa mbili, friji iliyojaa na isiyofunguliwa huvumilia. Ukikatika usiku kucha, ni suala jingine. Angalia mambo matatu: je, kuna kipimajoto ndani ya friji? Je, chanjo ziko katikati, au zimebanwa mlangoni pamoja na soda? Je, kuna jenereta, sola au sanduku la barafu la dharura? Daktari makini hujibu haya bila kununa.

Anayekuja nyumbani kwa bodaboda abebe chanjo ndani ya chupa ya kuhifadhi baridi au kisanduku chenye vipande vya barafu, na vichupa vimefungwa kitambaa au karatasi ili visigusane na barafu moja kwa moja. Akitoa kichupa mfukoni mwa koti, mshukuru, mpe chai, na usikubali kitumike.

Tatu-kwa-moja ya virusi hai huja kwa vichupa viwili: kimoja kina ungaunga mkavu uliogandamana chini, kingine maji yake. Huchanganywa mbele yako na kutumika mara moja. Nyingi huvumilia nusu saa tu. Iliyochanganywa asubuhi kwa paka wa Ntinda haifai kwa paka wa Kira saa sita mchana. Zipo pia za virusi vilivyouawa ambazo huja tayari kama maji, basi soma lebo kabla ya kulalamika. Ya kichaa huwa ya maji. Hutikiswa taratibu kabla ya kuvutwa.

Kununua kichupa kwenye duka la dawa za mifugo na kumdunga mwenyewe huonekana kuokoa pesa. Hujui kichupa kilikaaje, huna dawa ya kumwokoa paka akipata mshtuko wa mzio, na paka akimkwaruza mtu, bila kadi yenye muhuri hakuna atakayeamini kwamba alichanjwa.

Hatua ya 6: Wiki mbili kabla ya sindano

Mtoto mwenye minyoo mingi na viroboto hujenga kinga hafifu, basi safisha njia kwanza. Minyoo huanza kutibiwa akiwa na wiki 3, hurudiwa kila wiki 2 hadi wiki ya 8 au 9, kisha kila mwezi mpaka miezi 6. Tumia dawa ya paka, kipimo kwa uzito. Dawa ya mbuzi au ng'ombe iache zizini. Levamisole, kwa mfano, nafasi kati ya kipimo kinachotibu na kinachodhuru ni nyembamba sana kwa paka.

Viroboto ni hatari zaidi kwa sababu ya tiba zake za mtaani. Amitrazi ya kuogeshea ng'ombe dhidi ya kupe ni sumu kwa paka. Permethrini, iliyomo kwenye dawa nyingi za viroboto vya mbwa na za kupulizia wadudu, humfanya paka atetemeke, apate degedege na kufa. Mtoto mdogo mchane kwa kitana chenye meno ya karibu, ukichovya viroboto kwenye maji ya sabuni, na ufue matandiko kwa maji moto.

Kikapu cha kumbebea kiachwe wazi sakafuni siku tatu kabla, na kanga ya zamani ndani. Apate kuingia na kutoka kwa hiari. Kikapu cha sokoni chenye kifuniko kinafaa kikifungwa kamba pande zote. Boksi la katoni litobolewe matundu na kuwekwa gazeti, lakini likilowa mvua au mkojo chini hutoboka. Gunia halifai: hukosa hewa, huingiwa na hofu, na siku nyingine ukilitoa tu anajificha.

Hatua ya 7: Siku yenyewe

Asile sana saa mbili tatu kabla ya safari. Kwenye bodaboda kikapu kikae kati yako na dereva, si nyuma kwenye chuma. Zahanatini usikiweke sakafuni mahali mbwa wanapopita kunusa.

Daktari apime kwanza joto, ambalo kwa paka mzima wa afya ni kati ya nyuzi 38 na 39.2, achungulie macho, mdomo na ufizi, amguse tumbo, ampime uzito. Mwambie kama paka anatumia dawa ya aina ya prednisoloni, kwa kuwa hupunguza kinga. Mwenye homa, anayeharisha au asiyekula asichanjwe siku hiyo. Mafua mepesi ya pua daktari ataamua.

Dozi ni nzima kwa kila paka, kwa kawaida mililita 1, zipo na za nusu mililita. Uzito hauhesabiwi. Kumgawia mtoto nusu ili ndugu yake apate nusu ni kuwapotezea wote wawili, na hutokea sana kwa watu wenye uzao mzima wa watoto watano.

Mahali pa sindano pana utaratibu: tatu-kwa-moja chini ya kiwiko cha mguu wa mbele wa kulia, kichaa mguu wa nyuma wa kulia kwenda chini, leukemia mguu wa nyuma wa kushoto. Wengi huzoea kuchoma kati ya mabega. Mweleze daktari unataka mguuni, kwa sababu mara chache sana uvimbe wa saratani huota palipochomwa, na mguu unaweza kufanyiwa upasuaji pale ambapo mgongo hauwezekani.

Kabla ya kuondoka, stika ya kichupa ibandikwe kwenye kadi, pamoja na tarehe, namba ya toleo, mahali palipochomwa na saini. Piga picha ya kadi. Kadi za karatasi huliwa na mende.

Hatua ya 8: Baada ya sindano

Kaa hapohapo dakika 20 hadi 30. Uso ukivimba, akitapika mfululizo, akihema kwa shida au akalegea, huo ni mzio mkali na daktari yuko karibu. Unaweza kuja hata saa chache baadaye, ndiyo maana sindano ya asubuhi ni bora kuliko ya jioni.

Kusinzia, kupunguza chakula na joto kidogo kwa siku moja au mbili ni kawaida. Usimpe Panadol. Nusu ya kidonge cha paracetamol cha miligramu 500 inaweza kumuua paka, kwa kuwa ini lake haliwezi kuivunja. Ibuprofeni nayo ni sumu. Maji, kivuli na utulivu vinatosha. Zikipita siku mbili bado hataki kula, mrudishe.

Kiuvimbe kidogo palipochomwa huisha chenyewe. Kipime kwa rula. Kikiwa bado kipo baada ya miezi 3, au kimezidi sentimita 2, au kinaendelea kukua mwezi mmoja baada ya sindano, kikatwe kipande na kupimwa maabara.

Mtoto abaki ndani hadi wiki mbili baada ya dozi ya wiki 16.

Mambo yasiyofuata kalenda

*Umechelewa.* Siku chache si kitu. Zikipita wiki 6 tangu dozi iliyotangulia na mtoto hajafika wiki 16, panga upya dozi zilizobaki hadi avuke umri huo. Akiwa ameshavuka, chanja mara moja, kisha rudia baada ya wiki 3 hadi 4.

*Paka mkubwa asiye na historia.* Tatu-kwa-moja mara mbili, wiki 3 hadi 4 katikati. Kichaa mara moja siku ya kwanza, kisha baada ya mwaka. Usisubiri kutafuta kadi iliyopotea.

*Paka mwenye mimba.* Tatu-kwa-moja ya virusi hai isitolewe. Virusi vya panlukopenia, hata vile dhaifu vya chanjo, hupita kwa watoto tumboni na kuharibu ubongo mdogo, sehemu ya ubongo inayosimamia mwendo na mizani ya mwili. Huzaliwa wakiyumbayumba maisha yote. Kwa sababu hiyohiyo isipewe mtoto aliye chini ya wiki 4.

*Nyumba iliyopoteza paka kwa panlukopenia.* Virusi hivi huishi kwenye sakafu, mikeka na nyufa kwa muda unaofika mwaka. Spiriti na dettol haziviui. Osha kwanza kwa sabuni, kisha tandaza Jik, mililita 50 kwa lita 1 ya maji, iache mbichi dakika 10, suuza. Mkeka na boksi vichomwe. Usilete mtoto mwingine. Ukitaka paka, chukua mkubwa aliyemaliza chanjo zaidi ya wiki mbili zilizopita.

*Pesa hazitoshi.* Kama ni sindano moja tu ya tatu-kwa-moja unayoweza kulipia, iwe ya wiki 16 au baada yake, na mpaka siku hiyo mtoto asitoke ndani wala asikutane na paka wa nje. Ya kichaa usiiache, tafuta kampeni.

*Paka ameng'atwa na mbwa asiyejulikana.* Hata mwenye kadi safi arudishiwe ya kichaa papo hapo na kuchungwa ndani siku 45. Akiwa hakuchanjwa kabisa, mwarifu daktari wa wilaya siku hiyohiyo. Akimng'ata au kumkwaruza mtu, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtu aende kituo cha afya siku hiyo. Paka afungiwe na kuangaliwa siku 10, asiuawe. Akiwa bado mzima siku ya 10, hakuwa anaambukiza alipong'ata. Lakini mtu asikae kusubiri siku hizo ndipo aanze chanjo yake.

Ukipanga kuvuka mpaka naye

Kwa Kenya, Tanzania au Rwanda utahitaji kibali cha kuingiza mnyama kutoka idara ya mifugo ya nchi unayokwenda, kadi ya kichaa isiyokwisha muda, na cheti cha afya cha daktari wa serikali chini ya wizara ya kilimo na mifugo, yenye makao Entebbe. Kibali ndicho hutangulia.

Ulaya ni mlolongo ambao hauruki hatua. Kwanza chipu ya utambulisho yenye tarakimu 15 chini ya ngozi. Chanjo ya kichaa hutolewa baada ya chipu au siku ileile. Iliyotolewa kabla haihesabiwi, na hapa ndipo wengi huanza upya. Zipite angalau siku 30, damu itolewe na kupelekwa maabara inayotambuliwa na Umoja wa Ulaya, kipimo cha kingamwili za kichaa kifike angalau 0.5 IU (uniti za kimataifa) kwa mililita. Kisha subiri miezi 3 kutoka siku damu ilipotolewa. Ukijumlisha na muda wa maabara, anza miezi mitano kabla ya safari, na usiruhusu nyongeza ya kichaa ipitwe hata kwa siku moja katikati, maana kipimo cha damu hubatilika pamoja nayo.